Programu za kufuatilia mitandao ya kijamii: ipi ilipiwe na anayetafuta wateja?

"Natafuta fundi wa friji." "Nani anajua wanakochapisha fulana?" Kila siku watu huandika hivi hadharani, pesa wanazo, wanachokosa ni wa kuwahudumia. Programu ya kufuatilia mitandao inapaswa kukufikisha kwao kabla ya mshindani wako. Shida ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kampuni kubwa zinazotaka kujua jina lao linasemwaje. Biashara changa haina jina la kusemwa. Inahitaji kusikia haja ya mteja. Kwa kipimo hicho nimezipanga hivi.

1. Kisanduku cha kutafutia cha mtandao wenyewe

Hakiuzwi, na bado nakiweka juu ya vyote. Makundi ya faragha ya Facebook, ambako watu huulizana mafundi na maduka, hayaonekani na programu za nje. Anayeona ni mwanachama tu. Kwenye X (zamani Twitter), weka maneno yako ndani ya alama za nukuu, kisha ongeza -filter:links ili kuondoa posti zenye viungo, maana nyingi kati ya hizo ni matangazo.

Sisi tunaotafuta kwa Kiswahili tuna kazi ya ziada. Vitenzi vyetu hubeba viambishi mbele, kwa hiyo ukiandika "tafuta" peke yake unaweza kumkosa aliyeandika "natafuta", "tunatafuta" au "ntafta". Orodhesha maumbo yote, pamoja na ya haraka haraka: "nahitaji", "nahtaji", "mwenye namba ya", "nielekezeni", "wapi naweza kupata". Orodha hiyo ni mali. Utaihitaji hata ukinunua programu ya bei gani.

2. Programu za bei ya kati: Brand24, Mention

Ya kwanza ni ya Poland, ya pili ilianzia Ufaransa. Hukusanya posti kutoka mitandao kadhaa, tovuti za habari na blogu, kisha hukutumia arifa. Nunua pale tu kutafuta kwa mkono kunapokula muda wa kuhudumia wateja ulio nao.

Tumia kipindi cha majaribio kwa ukali. Ingiza maneno ya haja, usiingize jina la biashara yako. Baada ya siku chache hesabu: kati ya posti zilizoletwa, ngapi ni za watu wanaohitaji kitu, na ngapi ni za wauzaji wenzako? Uliza pia unaruhusiwa maneno mangapi, posti ngapi kwa mwezi, na matokeo husasishwa kila baada ya muda gani. Arifa inayofika kesho yake humkuta mteja ameshahudumiwa. Michoro ya kupima hisia za watu isikushawishi kulipa zaidi. Kwa anayetafuta wateja haina kazi.

3. F5Bot

Ni ya bure, hukutumia barua pepe neno lako likitajwa Reddit au Hacker News, majukwaa ya mijadala ya Kiingereza. Inamfaa anayeuza programu au huduma kwa wasomaji wa Kiingereza. Wengine wapite.

4. Google Alerts

Ipo tangu 2003, nayo ni bure. Hufuatilia kurasa ambazo Google imezifikia, hivyo mazungumzo mengi ya mitandaoni hayafiki kwako. Itumie kwa habari za zabuni na kampuni zinazofungua matawi.

5. Brandwatch, Meltwater

Zina nguvu kweli, lakini ni za kampuni yenye idara nzima ya masoko. Ziache.

Popote utakapoangukia, lipia mwezi kwa mwezi, hata kama punguzo la mwaka linavutia. Programu hizi zinaishi kwa ruhusa ya mitandao, na ruhusa huondolewa. Mwaka 2023 X ilifunga njia ya bure ambayo programu za nje zilitumia kuchukua posti, na TweetDeck, programu ya X ya kufuatilia posti nyingi kwa pamoja iliyokuwa bure, ikawa ya kulipia. Agosti 2024 Meta, mmiliki wa Facebook, ikaizima CrowdTangle, programu yake ya kufuatilia posti za hadharani.

Ukishampata mtu, jibu swali lake palepale hadharani kwanza, na ujitambulishe kuwa wewe ni muuzaji. Kubandika jibu lilelile kila mahali kutafanya akaunti yako ionekane ya taka, na mtandao unaweza kuizuia. Andika pembeni ni neno gani lilimleta kila mteja aliyelipa. Lisiloleta mtu kwa mwezi mzima, liondoe uweke jingine.