Banda la gemu Mwanga: mpira freshi, Tekken jiandae kupigwa

Wanakigoma wenzangu, kuna banda la gemu huku Mwanga sio mbali na soko, jina silitaji maana mwenye banda ni mtu poa na mimi nina malalamiko kidogo. Nimeenda wiki tatu mfululizo na jero zangu zimeliwa za kutosha, kwahiyo acheni niongee.

Ndani pako vizuri, feni mbili, tivii nne, tatu za mpira na moja ya kona ndio ina Tekken 7, lile gemu la kupigana mmoja kwa mmoja. Mpira jero mechi moja, hata kama hujui unaburudika, ukifungwa tano bado umecheza dakika zako zote. Tekken nayo jero ileile ila hela inaisha kabla hujakaa vizuri kwenye benchi, maana sheria ya hapo ni aliyepigwa anapisha, na mgeni ndio anapigwa kila siku sasa atajifunzia wapi??

Siku ya kwanza nilimchukua Eddy Gordo, yule wa kapoeira, mapigano ya Kibrazili ya kuzunguka na kupiga mateke, tangu Tekken 3 enzi za PlayStation ya kwanza tulikuwa tunaminya batani za miguu ovyo ovyo anazunguka mwenyewe kama pia. Nikashinda mbili nikaanza kuongea sana. Akakaa dogo mmoja, kaptula ya shule, karanga mkononi, kamchukua Paul, mpiganaji mwingine wa humohumo. Hana haraka. Anakinga, anakinga, nikimaliza kuzunguka ananishindilia ngumi moja ya maana, kipande kizima cha damu kimeenda, nikiinuka nakutana na nyingine. Tatu bila. Benchi zima linacheka na yeye anatafuna karanga tu.

Baadae akanielekeza, "Braza, mguu wa chini unakinga umechuchumaa, pigo la katikati ukichuchumaa linakupata, la juu ukichuchumaa linapita." Kwa mdomo rahisi, shida gemu linaenda fremu (picha) 60 kwa sekunde na ngumi ya haraka inatoka kwenye fremu ya 10, yaani moja ya sita ya sekunde, unawaza nichuchumae au nisimame huku umeshalala chini. Orodha ya mapigo ya mtu mmoja unaishusha mpaka kidole kinachoka, na Tekken 7 haikufundishi hatua kwa hatua, ina praktisi tu, unasimamishiwa mdoli upige, basi. Street Fighter 6, gemu jingine la kupigana, angalau ina kontroli rahisi zinaitwa Modern, batani moja pigo kali linatoka, ila hapa haipo.

Halafu pedi za kuchezea. Ya pili batani ya pembetatu imelegea, imezungushiwa selotepu, na pembetatu kwenye Tekken ndio ngumi ya kulia, sasa mimi nimehamia kwa Paul na ile ngumi yake kubwa ni chini, mshazari, mbele, pembetatu. Natoa yote sawasawa mtu anasimama tu anatoa macho. Nani anapewa hiyo pedi? Mgeni. Mzee wangu nunua pedi, au basi tupokezane.

Kilichonirudisha ni asubuhi. Kabla ya saa nne pakiwa hamna watu anakuachia praktisi saa nzima kwa buku, pedi nzima unachagua mwenyewe. Hapo ndio nimeelewa kitu, niliacha kombo (mapigo ya kuunganisha) kabisa, siku nne nafanya kukinga na lile pigo moja tu la Paul, nikiwa upande wa kushoto wa skrini halafu nahamia kulia, ukihamia upande mikono inasahau yote. Juzi nimechukua raundi mbili kwa yule dogo. Mechi kaondoka nayo yeye lakini karanga aliweka chini.

Nampa nyota tatu na nusu kati ya tano, pedi ikitengenezwa naongeza. Kama ndio unaanza usiende jioni, hasa Jumamosi, utatoa jero nne kwa dakika kumi. Kesho saa tatu nipo pale, nikimkuta dogo kashakaa nasubiri nje mpaka mama yake amtume chumvi.