Nusu mtandaoni, nusu darasani: muhula wangu mmoja wa Kiingereza

Nikiri mapema: kozi hii niliichagua kwa uvivu. Ratiba ya chuo ilionyesha kipindi kimoja tu cha darasani kwa wiki badala ya vitatu, mengine yote mtandaoni, nikajisemea hapa nimepata mteremko. Kufikia wiki ya pili nilishajua kwamba vile vipindi viwili havikufutwa. Vilihamia kwenye simu yangu, vikawa vinanisubiri hata saa sita ya usiku.

Utaratibu ni huu. Kila wiki unawekewa kwenye Moodle, jukwaa la masomo la mtandaoni, video ya kama dakika kumi, zoezi la kujaza nafasi, zoezi la kusikiliza, kazi ya kurekodi sauti na aya moja ya kuandika, na vyote viishe kabla ya kipindi. Darasani hakuna mhadhara. Mnakaa vikundi vikundi mnaongea. Mbinu hii ya kupeleka maelezo nyumbani na kurudisha mazoezi darasani ilivuma kupitia walimu wawili wa kemia wa Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, ambao mwaka 2007 walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Naona inakifaa Kiingereza kuliko hata kemia. Tofauti ya "I lived" na "I have lived" inaelezeka kwa dakika kumi, lakini kuizoea mdomoni ni kazi ya miezi, na mdomo hauzoei chochote mwenyewe akiwa amekaa kimya ananakili ubao.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni zile rekodi za sauti. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa vitabuni kina sauti za irabu kama 20, ukihesabu na zile za kuunganika. Kwangu "ship" (meli) na "sheep" (kondoo) lilikuwa neno moja tangu shule ya msingi. Darasani ungejaribu mara moja, wenzako wakacheka, ukanyamaza muhula mzima. Chumbani kwangu nilirekodi sentensi moja mara 14, nikiisikiliza kando ya sauti ya mfano, na hakuna aliyejua.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi, umemaliza. Kiingereza kinauhamisha: "photograph" mwanzoni, "photographer" kwenye silabi ya pili, "photographic" kwenye ya tatu. Hilo la mwisho nilikuwa nalipatia siku zote, kumbe kwa bahati tu, kwa sababu maneno mengi yanayoishia na -ic yana mkazo palepale tunapouweka sisi.

Kadi za msamiati nazo zilikuwa na faida. Zilitoka kwenye orodha ya mtafiti wa msamiati Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno (neno pamoja na yanayotokana nalo) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma. Ziliniokoa kwenye masomo mengine, ambako "significant" na "derive" yananikodolea macho kila ukurasa.

Sasa kasoro. Zoezi la kujaza nafasi linasahihishwa na mashine, na mashine haina huruma: niliandika "don't", jibu lake lilikuwa "do not", nikapewa sifuri. Zoezi la kusikiliza linakuruhusu kupunguza kasi ya sauti, nami nikaigeuza hiyo kuwa mkongojo. Siku ya mtihani msemaji alikimbia kama kawaida ya watu, nikabaki na maneno mawili matatu. Baraza la majadiliano sina la kulisema. Ukilazimishwa kuwajibu wenzako wawili kila wiki utaandika "I totally agree with you", utasonga mbele. Na bando likiisha usiku wa kuamkia kipindi, hapo hakuna wa kumlilia.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Kilichoniumiza ni kwamba muhula wangu ulikatika vipande viwili.

Wiki saba za mwanzo tulikuwa na mwalimu aliyesoma kila tulichokituma. Aliingia na karatasi moja yenye sentensi zetu kumi, bila majina, nasi tuzirekebishe kwa vikundi. "My mother, he told me" ilikuwa yangu. Kiswahili kinatosheka na "yeye" kwa mama na kwa baba, kwa hiyo darasa zima lilijiona humo, hata wasioiandika. Waliotuma aya zilizotungwa na akili bandia hakuwagombeza. Alimwomba mmoja aeleze kwa maneno yake sentensi ya tatu ya aya yake. Kimya kilichofuata kilitosha. Wiki iliyofuata aya zilirudi na makosa ya kibinadamu, naye akafurahi waziwazi.

Kisha akaenda likizo, akaja mwingine. Mtu mpole, sina ugomvi naye. Ila aliingia kila wiki na kutufundisha upya, kwa saa nzima, kile kile kilichokuwa kwenye video. Rekodi zetu zilikaa bila kusikilizwa. Jukwaa ni lile lile, video ni zile zile, wanafunzi ni wale wale, na mambo yakafa. Kwa nini uangalie video Jumanne kama Alhamisi utasimuliwa? Mimi mwenyewe, niliyerekodi mara 14, nilifika mahali nikawa narekodi mara moja huku nimelala kitandani.

Nikitoa alama: nyota nne na nusu kwa nusu ya kwanza, mbili kwa ya pili. Rekodi yangu ya wiki ya kwanza bado ninayo. Nikiiweka kando ya ile ya wiki ya saba, "sheep" ameshashuka melini. Ya wiki ya mwisho haina tofauti na ya saba.

Usajili wa ngazi inayofuata umefunguliwa. Kwenye ratiba, sehemu ya jina la mwalimu bado iko wazi, kwa hiyo sijajaza fomu.