PopulationPyramid.net: wazee wa Japani kwenye simu ya Mbagala

Nafundisha Jografia tuisheni, Mbagala Rangi Tatu, kidato cha tatu na cha nne. Nikifika mada ya idadi ya watu, vitabu vinanipa piramidi mbili tu (michoro ya watu kwa umri na jinsia), nchi tajiri na nchi maskini, basi. Tovuti hii haina longolongo: unachagua nchi, unachagua mwaka wowote kuanzia 1950 hadi 2100 (miaka ya mbele ni makadirio ya Umoja wa Mataifa), mchoro huo. Wanaume kushoto, wanawake kulia; kila mstari ni kundi la umri, wadogo chini, wazee juu. Bure, na haili bando.

Utamu uko kwenye kubadilisha mwaka. Fungua Japani 1950. Mstari wa chini kabisa ndio mnene kuliko yote: watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, 1947 hadi 1949. Nenda 1970, unene umepanda kwa vijana wa miaka 20 na kitu. 2000, wako hamsini na kitu. 2025, wameshavuka 75. Nyuma yao wanakuja watoto wao wa miaka ya 1970, halafu mistari inazidi kukonda hadi chini. Darasa lilikuwa likiwafuata kwa kidole. Binti mmoja akauliza, "Madam, sasa hao nani anawapikia?"

Inapopungua ni kwenye kuanzia 1950. Ufaransa unaikuta imeshazeeka. Kasi ya kuzeeka hupimwa hivi: wenye miaka 65 na zaidi kupanda kutoka asilimia 7 hadi 14 ya watu wote, na Wafaransa iliwachukua zaidi ya miaka 100. Japani 24, kati ya 1970 na 1994. Korea Kusini haikufika hata 20. Hayo andika mwenyewe ubaoni.

Halafu mistari yote ni ya asilimia. Kwa Tanzania, kule juu wazee ni uzi tu, mwanafunzi anaondoka akiamini hatuna wazee. Wakati Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya milioni 2.5 wenye miaka 60 na kuendelea! Jumla ya watu wa nchi imeandikwa, lakini kuzidisha ni kazi yako. Na Zanzibar imemezwa humo humo, ilhali huko ndiko serikali inawalipa pensheni wote kuanzia miaka 70 tangu 2016, hata ambao hawakuwahi kuajiriwa. Ningetamani kuiona peke yake.

Nyota nne. Kama huna projekta, chapisha Japani ya 1950, 2000 na 2050 kwenye karatasi moja. Nyeusi na nyeupe inatosha.