Geode kwenye tuta la reli la zamani: chombo kinapima ugumu, unyevu unausoma mwenyewe

Matuta mengi ya reli za Uingereza yalijengwa karne ya 19 kwa kumwaga udongo kutoka kwenye mabehewa bila kushindilia. Yale ya udongo wa mfinyanzi hulowa na kuvimba majira ya baridi, kiangazi yakapasuka, na mwendo huo ukirudiwa miaka mia na zaidi mteremko huanza kuteleza. Kwa kazi ya kuyafuatilia tunaipendekeza Geode ya Geometrics, chombo cha kunasa mitikisiko inayopita ardhini: chaneli 24 (kihisi kimoja kwa kila chaneli), biti 24, betri ya volti 12 na kompyuta mpakato pembeni. Lakini ina masharti.

Kwanza, hakuna jiofoni (kihisi cha mtikisiko kinachochomekwa ardhini) inayoona maji. Mfinyanzi ukikauka, mvutano wa maji yaliyobaki kati ya chembe huubana udongo, na mawimbi ya mkato, yanayotikisa udongo kwa upande, hukimbia zaidi. Ukilowa, yanapungua kasi. Mawimbi ya mgandamizo, yanayobana na kuachia kama sauti, yana tabia yake: hubaki kwenye mita mia chache kwa sekunde mpaka udongo ukaribie kujaa maji kabisa, ndipo yanaporuka kuelekea mita 1,500 kwa sekunde, kasi ya sauti majini. Hewa kidogo tu iliyobaki inatosha kuuzuia mruko huo. Ukipima aina moja peke yake utajidanganya. Chukua zote mbili.

Panga jiofoni za wima za hezi 4.5, moja kila mita 1, sambamba na reli kwenye bega la tuta. Usizichomeke kwenye kokoto, mwiba hauna pa kushika. Fika kwenye udongo wenyewe. Nyundo ya kilo 5 hadi 8 juu ya bamba la chuma inatosha, mapigo 5 hadi 10 kila kituo, yajumlishwe. Kasi ya mkato hukadiriwa kutokana na mawimbi ya uso, yanayosafiri juu ya ardhi: yakienda mita 150 kwa sekunde kwa hezi 10, urefu wa wimbi ni mita 15, na kina unachoweza kukiamini ni kati ya mita 5 na 7. Ukitaka chini zaidi, refusha mstari.

Kinachoharibu kazi hii ni marudio mabovu. Mabadiliko ya majira ni madogo, hivyo kosa dogo linayameza. Wimbi la mita 400 kwa sekunde huvuka mita 5 kwa milisekunde 12.5, swichi ya nyundo, inayoanzisha saa ya chombo, ikichelewa milisekunde 1, umeshakosea asilimia 8. Pigilia vigingi vya kudumu, tumia swichi na bamba lilelile, subiri treni ipite. Nyufa za kiangazi nazo huchelewesha mawimbi ya juu, na asiyekagua uso wa tuta atadhani pamelowa. Tena tuta ni jembamba, mawimbi hugonga kingo zake. Linganisha tuta na lenyewe, siyo na jirani.

Anayetaka unyevu moja kwa moja atumie upimaji wa ukinzani wa umeme wa udongo, kama British Geological Survey, taasisi ya jiolojia ya Uingereza, walivyofanya kwenye tuta la East Leake, Nottinghamshire. Nao hudanganywa na joto, ukinzani ukibadilika takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, na hausemi lolote juu ya ugumu. Vipimo hivi viwili vikienda pamoja, na vihisi vichache vya unyevu vimefukiwa kwenye mstari uleule, ndipo namba zinapoaminika.

Kwa udongo mweusi wa tambarare za Athi, inakopita reli ya zamani ya Mombasa, vipimo viwili kwa mwaka havitoshi: pima kabla na baada ya masika, kisha kabla na baada ya vuli.