Eyam: nilimpeleka mama kwenye kijiji cha tauni

Tuanze na jina. Linaandikwa Eyam lakini wenyeji hulitamka "Im", na dereva wa basi alinifanya nilirudie mara tatu kabla hajanikatia tiketi. Ni kijiji cha mawe huko Derbyshire, kama kilomita 20 kutoka Sheffield ninakoishi. Nakipa nyota nne. Ile ya tano nitaieleza mbele.

Mama alikuwa amekuja kwangu kwa miezi mitatu. Wiki ya pili tu maduka yalishamchosha. "Mwanangu, hawa watu hawana kwao? Nipeleke nikaone wazee wao walikaaje." Nikakumbuka Eyam, kijiji kilichojifungia chenyewe tauni ilipokiingia karne ya 17. Wenzangu kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, walikuwa wakiitaja sana mwaka 2020, Korona ilipotufungia ndani.

Hatukuanzia makumbusho. Tulianzia barabarani, karibu na kanisa la Mtakatifu Lawrence, kwenye nyumba zenye vibao vya kijani. Ukifika, fanya hivyo hivyo. Nyumba ni za kawaida, maua dirishani, gari limeegeshwa, mtu anaishi humo. Ila kibao cha nje kinakutajia waliofia humo, jina kwa jina, na tarehe. Cha kwanza ni cha Mary Hadfield. Kabla ya hapo alikuwa mke wa Cooper, akabaki na watoto wawili, Edward na Jonathan, kisha akaolewa na Alexander Hadfield, mshonaji. Mwishoni mwa kiangazi cha 1665 mshonaji huyo aliletewa mtumba wa vitambaa kutoka London. Inasimuliwa kwamba vilifika na unyevunyevu, na George Viccars aliyemfanyia kazi akavianika mbele ya moto.

"Viroboto," mama akasema. Nilikuwa sijamaliza hata kumtafsiria kwamba ndio walioleta tauni.

Viccars alikufa tarehe 7 Septemba. Edward, miaka 4, alifuata tarehe 22. Jonathan, miaka 12, tarehe 2 Oktoba. Alexander mwenyewe alikufa Agosti ya mwaka uliofuata. Mary alibaki peke yake, baada ya kupoteza jamaa 13. Nyumba ya jirani ni ya kina Thorpe: watu tisa, wote walikwisha.

Niseme kwa nini mama aliwahi jibu. Sisi ni watu wa Lushoto. Tauni iliingia milima ya Usambara mwaka 1980, na kufikia 2004 wilaya ilikuwa imeandikisha wagonjwa zaidi ya 7,000. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka tu tukikatazwa kugusa panya aliyekufa. Mama anakumbuka mengi. Pale barabarani alisimama mbele ya kibao cha kina Thorpe kwa muda mrefu, akihesabu kwa vidole, mpaka mwenye nyumba alichungulia dirishani. Nikampungia mkono kwa aibu. Naye akapunga, nadhani amezoea.

Makumbusho yako juu kidogo, barabara ya Hawkhill, kwenye jengo lililokuwa kanisa dogo la Wamethodisti. Juu ya paa kuna kielekeza upepo chenye umbo la panya. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Yalifunguliwa mwaka 1994, na mbegu yake ni vitu alivyokusanya Clarence Daniel, mzaliwa wa hapo hapo, ambaye alikuwa akivionyesha nyumbani kwake. Hilo linaonekana. Hayana ule ubaridi wa makumbusho ya mjini. Wanaokupokea ni watu wa kujitolea, na ukiuliza swali moja, jiandae kukaa.

Kuta zimejaa maandishi. Asiyesoma Kiingereza atahitaji mtu wa kumtafsiria kama nilivyofanya mimi, na koo lilinikauka. Lakini kisa kimepangwa kwa kufuata familia, na hapo ndipo makumbusho haya yanapoyashinda mengi niliyowahi kuingia. Hukutani kwanza na takwimu. Unakutana na fulani, mkewe, watoto wao, nani alitangulia, nani alizika. Takwimu zinakuja baadaye: watu wapatao 260 ndani ya miezi 14. Wa mwisho, Abraham Morten, alikufa tarehe 1 Novemba 1666.

Karantini yenyewe ilianza Juni 1666. Kasisi William Mompesson alikuwa kijana na mgeni, hawakumpenda sana. Akamwendea Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyeondolewa kwa msimamo wake wa Kipuritani (Waprotestanti wakali wa wakati huo), na wawili hao waliokuwa hawapatani wakasimama pamoja mbele ya watu. Mtu asitoke, asiingie. Ibada ifanyike nje, bondeni Cucklet Delf, kila familia ikae mbali na nyingine. Na kila nyumba izike watu wake yenyewe, bustanini au shambani, bila kusubiri uwanja wa kanisa.

Mama akaniambia nimuulize mzee wa mapokezi pale makumbusho: "Nani aliwaosha?"

Nilisita, kisha nikauliza. Yule mzee hakucheka. Alisema hakuna aliyeoshwa. Waliokwisha nyumba nzima walizikwa na mtu mmoja, Marshall Howe, ambaye aliugua akapona, akaamini haitampata tena. Ujira wake alijilipa kwa kuchukua vyombo vya marehemu. Mkewe na mwanawe nao walikufa. Mama akanyamaza, kisha akasema kwa Kishambaa neno ambalo sitaliandika hapa.

Sasa maoni yangu. Eyam husifiwa kama kijiji kilichojitoa mhanga ili kuwaokoa majirani, na mimi siwanyimi sifa hiyo. Lakini Mompesson aliwatoa watoto wake wawili kabla njia hazijafungwa, na wenye uwezo wengine nao waliondoka mapema. Waliobaki wengi ni wachimba madini ya risasi na wakulima wasio na pa kwenda. Halafu tauni ya viroboto siyo Korona. Ukiwafungia watu pamoja na viroboto wao, huenda unawaongezea vifo. Mkewe Mompesson, Catherine, hakukubali kumwacha mumewe. Alikufa Agosti 1666, na kaburi lake liko uwanjani kanisani, karibu na msalaba wa mawe wa karne ya 8. Mama alimpenda yeye kuliko kasisi.

Kuna pia habari ya waliopona. Watafiti walipima vinasaba vya watu wenye asili ya kijiji hiki wakakuta badiliko liitwalo delta 32 kwa takriban asilimia 14, na ikadhaniwa ndilo lililowakinga wazee wao. Wanasayansi wengine baadaye walilipinga wazo hilo. Kilichonigusa ni kwamba ukoo uliweza kufuatwa kwenye vitabu vya kanisa miaka zaidi ya 300 mpaka kwa mtu aliye hai, naye akaombwa sampuli ya mdomoni mwake.

Sehemu ya ufumaji na viwanda vya viatu tuliipita haraka. Eyam Hall, jumba la ukoo wa Wright lililojengwa miaka michache baada ya tauni, tuliliona kwa nje tu.

Ambacho usikikose ni makaburi ya Riley, kama dakika 15 kwa mguu nje ya kijiji. Kuna mwinuko, mama alipumzika mara mbili. Ni ukuta wa duara katikati ya malisho, na ndani yake mawe ya familia ya Hancock. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita katika siku nane, kuanzia tarehe 3 Agosti 1666, peke yake. Watu wa Stoney Middleton, inasimuliwa, walikuwa wakimtazama kutoka ng'ambo wasithubutu kusogea. Mwaka 2020 nilishika simu sikioni kwa bibi mmoja ili mwanawe, aliyesimama nje ya dirisha, amuage. Sikumweleza mama habari hiyo pale. Tulisoma dua tukashuka.

Upande wa Stoney Middleton kuna jiwe la mpaka lenye matundu sita. Wanakijiji waliweka humo fedha ndani ya siki ili kuzisafisha, majirani wakaacha chakula. Wageni wa leo huacha senti. Mama naye aliacha shilingi mia ya kwetu.

Nyota ya tano ilipotelea wapi? Mkahawa mmoja, sitautaja, ulitupa chai ya vuguvugu na skonzi ya jana kwa bei ya chakula cha mchana, na basi la kurudi halikutokea kabisa. Makumbusho hayana kosa katika hayo. Wakati wa baridi huwa yanafungwa, basi tazama ratiba kwanza. Na ukiweza, nenda Jumapili ya mwisho ya Agosti, wanapoandamana kwenda kusali Cucklet Delf.

Tulichukua teksi hadi stesheni ya Grindleford. Treni ilipoanza kwenda mama akaniambia nitoe kalamu. Nikadhani anataka kuandika zawadi za kununua. Akaanza kutaja: mtoto wa shangazi yake, mke wa mwalimu, mapacha wa nyumba ya chini ya mwembe, kila mmoja na mwaka wake, na pale asipokumbuka mwaka, mazao yaliyokuwa shambani. Handaki la Totley ni refu. Tulipotokea upande wa pili alikuwa amefika jina la saba, na ananiuliza kibao cha kijani kinauzwa wapi.