Kanzu na joho usiku wa gala: uzoefu wetu wa mavazi ya jioni Queen Mary 2

Haya jamani, tangu tuweke picha za safari watu wananiuliza whatsapp swali lile lile, eti ni kweli kwenye hizi meli kubwa usipovaa suti na tai hulishwi? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja so naandika hapa mara moja, na naandika kwa kirefu kwa sababu hili jambo la mavazi lilishatuumiza huko nyuma na sitaki limuumize mtu mwingine.

Tulikuwa wanne, mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 12 na baba mkwe. Tulipanda meli ya abiria ya Queen Mary 2 kutoka Southampton, Uingereza, kwenda New York, usiku saba. Baba anaishi Unguja, alikuja Uingereza kututembelea, na ujana wake alikuwa baharia wa majahazi, kwa hiyo kuvuka bahari kuu kwa meli kwake ilikuwa ndoto ya maisha. Ila nilipomwambia kuna usiku wa kuvaa rasmi akaniambia, "Mwanangu, mimi tai sikuvaa hata siku ya harusi yangu, nitakuja kuivaa leo?" Na mimi nikaingia wasiwasi.

Wasiwasi wenyewe una sababu. Miaka mitatu kabla ya hapo tulienda safari nyingine, Mediterania, kampuni nyingine kabisa siitaji jina, mume wangu akavaa kanzu yake nzuri ya Eid yenye taraza shingoni, imepigwa pasi mpaka inang'aa, tulipofika mlango wa mgahawa yule mhudumu akamwambia arudi chumbani akavae nguo za chakula cha jioni, nguo za kulalia haziruhusiwi. Nguo za kulalia! Mbele ya watu kwenye foleni. Mume wangu hakusema kitu, aligeuka tu, tukala chumbani, na kanzu hakuitoa tena kwenye begi safari nzima. Hiyo siku mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo safari hii kabla sijalipa hata senti nikasoma masharti yote ya mavazi neno kwa neno. Kwa Cunard, ndio wenye hii Queen Mary 2, usiku wa gala, yaani ule wa kuvaa rasmi, mwanaume anatakiwa taksido (suti ya sherehe yenye tai ya kipepeo) au suti nyeusi nyeusi na tai, mwanamke gauni refu au nguo ya sherehe, LAKINI pia wanakubali vazi rasmi la taifa lako. Hapo ndipo roho ilitulia. Kanzu, joho na kofia ya kiua kama hilo si vazi rasmi la mtu wa pwani basi sijui vazi rasmi ni lipi, ndilo tunaloozea, ndilo la Eid, ndilo la kupokelea wageni.

Sasa jinsi mambo yanavyokwenda. Kila siku unaletewa chumbani karatasi ya ratiba, imeandikwa jioni hiyo mavazi ni yapi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni kaptula, fulana za mikono wazi na kandambili zinawekwa pembeni, sehemu nyingi za meli watu wanakuwa wamevaa nadhifu, shati zuri na suruali ya kitambaa, koti ukipenda, wanawake gauni la kawaida au blauzi na sketi. Hizo ni siku za kawaida. Gala kwenye safari yetu zilikuwa mbili tu kati ya usiku saba, na kila moja ina mada yake, ya kwanza nyeusi na nyeupe, ya pili ya vinyago vya usoni. Mada si lazima, ukivaa rasmi bila kufuata rangi hakuna anayekuuliza.

Usiku wa kwanza na wa mwisho hamna gala, na ina mantiki, siku ya kwanza unaweza kuwa bado unasubiri begi lifike chumbani, na ya mwisho mabegi yanatolewa nje ya mlango usiku yachukuliwe.

Gala ya kwanza. Baba kanzu nyeupe, joho jeusi lenye uzi wa dhahabu pembeni, kofia yake aliyoshonewa kwa mkono, makubadhi, na bakora. Nyeupe na nyeusi, yaani mada ya usiku ule ameivaa bila hata kuijua! Mume wangu hakutaka kanzu, alivaa suti, sikumlazimisha. Mimi gauni refu jeusi la satini mikono mirefu na ushungi wa fedha, binti gauni la kitenge cheusi na cheupe tuliloshonesha kwa fundi wetu Darajani. Tunakaribia mlango wa Britannia, ule mgahawa mkubwa wa ghorofa mbili, moyo unanidunda kama ngoma. Mhudumu akamtazama baba, akasogea pembeni, akainama kidogo na kumwambia karibu sana bwana umependeza. Basi. Hakuna swali. Nilimwona mume wangu anameza mate na kutazama pembeni. Kesho yake asubuhi akaniuliza, hivi ile kanzu yangu ya taraza umeibeba? Nilikuwa nimeibeba chini kabisa ya begi. Gala ya pili wakatoka wote wawili, baba na mwana, kanzu na kanzu.

Meza ya jirani alikuwepo mzee wa Scotland amevaa ile sketi yao ya kiume ya miraba, nayo inakubalika kama vazi rasmi. Baba Kiingereza chake cha bandarini kinatosha, wakaongea mpaka chai. Baba alikuwa ametaka kuja na jambia la marehemu babu yake nikamkataza, visu na majambia huwezi kuingia navyo melini, ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege, na yule mzee akasema na yeye kile kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi amekiacha nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye mpango wa jambia, liache.

Na kama hutaki kabisa kuvaa rasmi? Hulali njaa. Kuna bafe ya Kings Court, kuna baa ya Golden Lion, kuna Carinthia Lounge, au unaagiza chakula chumbani na hulipii. Ila ukumbi wa dansi wa Queens Room usiku wa gala bila vazi lake hapana, na kusema kweli mimi nawaunga mkono, ule ukumbi watu wakishavaa na bendi ikapiga ni raha ya macho ambayo ukichanganya na kaptula inaharibika.

Vitu vidogo vidogo. Pasi yako usibebe, watakuzuilia kwa sababu ya moto, kuna vyumba vya kufulia vyenye mashine na pasi bure, nenda asubuhi mapema. Viatu vya visigino virefu vyembamba siku ya tatu bahari ilipochafuka nilivivua nikavaa vya bapa, Atlantiki haina utani, beba jozi zote mbili. Beba na mtandio mzito, kiyoyozi kinapuliza. Ukielekea New York saa inarudishwa nyuma mara tano njiani, saa moja kila mara, kwa hiyo kila inaporudishwa unapata saa nzima ya ziada ya kupumzika.

Msidhani kila kampuni iko hivi. Norwegian hawalazimishi usiku rasmi kabisa, Celebrity waliacha gala za zamani mwaka 2015 wakaweka wanachoita Evening Chic, yaani unapendeza bila kulazimishwa taksido, Viking wao ni nadhifu tu safari nzima. P&O bado wana usiku wa taksido. Soma masharti ya meli yako, na kama neno vazi la taifa hulioni waandikie uulize, wakikubali hifadhi jibu kwenye simu. Sisi kule Mediterania tungekuwa na jibu mkononi mume wangu asingegeuzwa mlangoni.

Na usiku wa mwisho kabla hujatoa mabegi nje, weka pembeni nguo za kushukia na viatu vyake. Baba alipakia makubadhi yote mawili, akashuka New York na ndala za binti yangu.