Kifaa kipi cha kudhibiti vumbi kinafaa kiwanda chako, Mafinga hadi Mbarali

Ukiomba bei ya kifaa cha kuzuia vumbi, utatajiwa bei ya chuma tu. Pesa nyingi huliwa baadaye na umeme wa feni, vipuri na maji. Orodha hii nimeipanga kuanzia kinachofaa zaidi, nikizingatia gharama hizo, kwa ajili ya wenye viwanda vya mbao Mafinga na mashine za kukoboa mpunga Mbarali.

1. Saikloni pamoja na mifuko. Saikloni ni pipa refu la bati lenye koni chini. Hewa huingia kwa pembeni, huzunguka kwa kasi, na vumbi zito hugonga ukuta na kudondoka. Haina kipuri kinachozunguka, na fundi mzuri wa kuchomelea akipewa vipimo sahihi ataiunda hapohapo mjini. Hukamata vizuri chembe zinazozidi mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita. Zilizo ndogo zaidi huiponyoka, na ndizo zinazoshuka hadi mapafuni mwa vijana wako. Hapo ndipo mifuko ya kitambaa inapohitajika: ikitunzwa, hukamata zaidi ya asilimia 99. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa hiyo mifuko si anasa. Ila mifuko ya poliesta huvumilia joto la nyuzi 130 hivi. Usiiunge kwenye bomba la moshi wa boila, cheche moja itaitoboa au kuiwasha.

2. Saikloni peke yake. Kwa mwenye mtaji mdogo na maranda mazito. Acha nafasi ya kuongeza mifuko.

3. Kichujio cha maji, yaani kinachonasa vumbi la moshi kwa kulinyunyizia maji. Kinafaa moshi wenye cheche. Lakini kinataka maji hata kiangazi, na tope lake linahitaji bwawa, si mtaro unaoelekea mtoni.

4. Kichujio cha umeme, kinachonasa vumbi kwa chaji ya umeme. Ni cha viwanda vikubwa, kama vya saruji.

Sasa feni, inayosukuma hewa kupitia kifaa. Kwa mfano, jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 hadi 18 kuliko ya Dar es Salaam. Msukumo wa feni hupungua kiasi hichohicho, huku ukinzani wa mifuko ukibaki karibu vilevile. Nguvu iliyoandikwa kwenye mota za kawaida nayo huhesabiwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Mtajie muuzaji mwinuko wako kabla hajaandika profoma.

Feni inayokula kilowati 5, saa 10 kwa siku, siku 26, humaliza uniti 1,300 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti yako, kisha kwa 12, ongeza mifuko ya kubadilisha, ndipo ulinganishe. Muuzaji anayekataa kuandika kilowati za feni kwenye profoma, achana naye.